Kuprinti kwa Linux dukani kwangu: nimeipenda, nimeichukia, na yule fundi wa mjini sijamsamehe

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote, kuprinti kwa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kunawezekana, na kwa stesheneri ndogo kama yangu huku Ng'ong'ona, Dodoma, naona kunafaa kuliko Windows nilikotoka. Ila kuna wiki moja hapo katikati nilitaka kuacha kila kitu, na kwa sehemu kubwa aliyenifikisha hapo sio kompyuta, ni mtu.

Kompyuta ya dukani niliihamishia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa sababu ya flashi za wanachuo. Anayefanya hii kazi karibu na chuo anajua, kila flashi ina virusi, mafaili yanageuka shotikati, ripoti ya mtu inapotea mikononi mwako na anakuangalia wewe. Linux imenimalizia hilo. Printa nayo wala haikunipa shida mwanzoni, ni ya mtumba, ndogo, ya wino wa unga, kampuni siitaji. Nikachomeka waya, nikafungua brauza nikaandika localhost:631, ukaja ukurasa wa CUPS, huo ndio mfumo unaoshughulika na kuprinti kwenye Linux, nikaongeza printa, ikataka plagini ya kampuni, yaani kiprogramu cha nyongeza, nikaidaunilodi, karatasi ya majaribio ikatoka safi. Nilifurahi jamani, acheni tu.

Sasa ukafika ule msimu wa kukabidhi ripoti za fildi. Nilikuwa nimetoka kupandisha Ubuntu toleo jipya. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, ukarudi, printa ikawaka taa zake vizuri kabisa na haikutoa hata karatasi moja. Natuma kazi, inaingia kwenye foleni, inakaa. Naiamsha foleni, naambiwa Filter failed. Filter ni kile kiprogramu kinachoandaa faili kwa ajili ya printa, ila ukiuliza ipi imefeli na kwa nini, hakuna jibu pale kwenye skrini, hayo maneno mawili tu, na wanafunzi wamesimama mpaka nje kwenye vumbi wana dedilaini saa kumi.

Nikabeba kompyuta na printa nikapanda daladala mpaka mjini kwa fundi, duka kubwa tu, watu wanalisifia. Nimesalimia, nimeeleza, hata hajainua macho kwenye simu. Alipoona skrini ndio akaongea, tena kwa sauti ili wateja wote wasikie: "Dada, nani kakudanganya uweke haya madude? Linux haina draiva za printa, hii ni ya wadukuzi. Acha hapa nikupigie Windows, kesho uje." Nikamwambia kaka, hii printa imeprinti juzi kwa hii hii kompyuta. Akacheka, akamgeukia mwenzake, "anabishana na fundi." Na alishachomeka flashi yake tayari kufuta diski! Kazi za wateja, barua za watu, vyeti vilivyoskaniwa, hakuuliza kama nina bakapu. Niliichomoa ile flashi kwa mkono wangu nikamwekea mezani nikaondoka, na nilikuwa natetemeka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alichosema sio kweli. CUPS ya kwenye hiyo Linux anayodai haina draiva, yaani programu za kuongea na printa, ndiyo hiyo hiyo inayoprinti kwenye Mac, Apple waliiingiza kwenye mfumo wao mwaka 2002, na 2007 wakanunua kabisa msimbo wake na kumwajiri Michael Sweet aliyeiandika. Ofisi ngapi zenye Mac zinaprinti kila siku? Mtu anayejiita fundi printa hilo halijui, na anamdhalilisha mteja kwa kutojua kwake mwenyewe.

Tatizo nililipata nyumbani usiku, kwenye faili la error_log, ambako CUPS inaandika makosa yake, ndani ya /var/log/cups. Kumbe aina ile ya printa haihifadhi programu yake ya ndani, ukizima umeme inasahau yote, ikiwaka ni lazima kompyuta iipelekee upya, na anayepeleka ni ile plagini. Na plagini inatakiwa ilingane toleo na programu ya draiva. Nilipopandisha Ubuntu draiva ikawa mpya, plagini ikabaki ya zamani, zikakataana. Nikadaunilodi plagini ya toleo jipya, nikazima printa nikaiwasha, ikaprinti. Kazi ya dakika chache! Kwa hiyo lawama ni ya kampuni iliyotengeneza printa isiyo na kumbukumbu kisha ikaifungia plagini isikae pamoja na Ubuntu, Linux haina kosa.

Hapana, ngoja, na CUPS yenyewe sitaiachia hivi hivi. Kwangu ilivyokuwa imepangwa, ikishindwa kuifikia printa inaisimamisha foleni nzima, na umeme ukirudi haijiamshi, inakusubiri wewe uandike cupsenable, amri ya kuiamsha foleni. Kwenye duka ambalo umeme unaweza kukatika muda wowote hiyo sio sawa kabisa, dogo ninayemwachia duka hajui amri hata moja, anakaa anarudisha wateja. Dawa yake ipo, kwenye mipangilio ya printa unabadilisha sera ya kosa kutoka stop-printer kwenda retry-job, itakuwa inajaribu tena yenyewe. Tangu nibadilishe sijapigiwa simu na dogo kwa ajili ya foleni. Lakini kwa nini nilipaswa kulichimba hilo mwenyewe?

Mwanzoni nilitaka kutoa nyota mbili. Nikikumbuka virusi nilivyopona natoa nne, nikikumbuka Filter failed narudi tatu na nusu, basi ibaki nne. Yule fundi sina nyota ya kumpa.

Na mkienda kununua printa ya mtumba kwa ajili ya Linux, tafuteni inayoprinti bila draiva, iliyoandikwa AirPrint au IPP Everywhere, hizo hazidai plagini. Kama imebaki ile ya aina yangu, nenda na laptop yako, iprinti hapo hapo dukani, chomoa waya wa umeme, washa tena, iprinti tena mbele ya muuzaji. Akikataa usijaribu, usitoe hela.