Michoro ya ukutani: njia ya San Diego au ya Philadelphia?

Mtaa wa Barrio Logan, San Diego, Marekani, ulikuwa umeshapasuliwa na barabara kuu, kisha likaja daraja la Coronado, 1969. Tarehe 22 Aprili 1970 wakazi wakakuta matingatinga chini ya daraja: pale walipoahidiwa bustani, kinajengwa kituo cha polisi wa barabara kuu. Wakapiga kambi siku 12, huku wakipanda miti, mpaka kikaeleweka: bustani wakaipata. Michoro ilianza 1973, kwenye nguzo zilezile za zege zilizowabomolea nyumba. Unatazama picha huku magari yakinguruma juu ya kichwa chako.

Philadelphia walianza kwa mlango wa ofisi. Mwaka 1984 jiji lilianzisha mpango wa kupambana na grafiti, yaani kuchorachora kuta bila ruhusa, na msanii Jane Golden akawageuza vijana wa mkebe wa rangi kuwa wachoraji. Leo michoro ni maelfu. Bajeti ipo, na wakazi huitwa vikaoni kabla rangi haijafunguliwa. Safi, ila mwenye kununua rangi naye ana kiti kikaoni, na ukuta wa hivyo huona haya kumsuta meya.

Mtaa ukitaka kupendeza tu, Philadelphia inatosha. Kiwanja kikinyemelewa, mimi niko na San Diego: kule rangi ilikuja miaka 3 baada ya watu.