Walimtoa mwanangu darasani na pingu: nyota ninazowapa shule na polisi

Mimi ni fundi cherehani, Moshi mjini, upande wa Pasua. Nimezoea kukosoa vitambaa vinavyochuja na mashine za kuazima. Safari hii nakosoa huduma ambayo sikuiomba: polisi kumkamata mwanafunzi shuleni, na yale niliyoyakuta kituoni. Shule siitaji, kituo sikitaji.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu hivi asubuhi, napinda mikono ya sare za kwaya. Aliyenipigia simu si mwalimu. Ni mama anayeuza maandazi pale getini kwao. "Dada, kijana wako ametolewa na wanaume wawili. Ana pingu."

Kijana mwenyewe ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, ananiita mama mdogo, ila mama mwingine hamjui. Nilichukua bodaboda hadi shuleni na tepu yangu shingoni. Katibu muhtasi akasema mkuu wa shule yuko semina. Nikamuuliza mwalimu wa zamu, mbona hakuwauliza chochote? "Ni polisi, mama."

Nikaomba daftari la wageni. Kwenye jina kuna sahihi kama uzi uliokatika. Anakotoka: Polisi. Sababu ya kuja: Kikazi. Hakuna namba ya askari, hakuna jina la mtoto, saa ya kutoka haijajazwa. Mimi mtu akiniletea suruali ya kupunguza kiuno naandika jina lake, simu yake na siku ya kuja kuichukua. Shule imetoa mtoto mzima hivihivi.

Wenzake wakanisimulia nje. Wale askari, wamevaa kiraia, waliingia mpaka darasani katikati ya kipindi cha Bailojia, wakaita jina lake. Akasimama, akasema "naam". Wakamfunga pingu palepale mbele ya ubao, wakamkatisha uwanja wa paredi wakati darasa la jirani wako nje na majembe. Mpaka wanafika getini hakuna aliyekuwa amesikia kosa lake ni nini.

Baadaye msaidizi wa kisheria wa kata yetu alinieleza, nikamrudisha mara mbili ili niandike. Sheria haiwakatazi polisi kumkamata mwanafunzi shuleni, na mwenye eneo anatakiwa awafungulie. Hilo nalikubali, shule si pango. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, inasema pia kwamba aliyekubali kukamatwa kwa neno au kwa kitendo hakuna haja ya kumkamata mwilini, na asizuiwe kuliko inavyohitajika ili asitoroke. Anapaswa kuambiwa kosa anapokamatwa. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi ajulishwe mapema iwezekanavyo. Na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni kila aliye chini ya miaka 18, hata akiwa na ndevu tatu kama huyu wangu. Sasa mtu aliyeitika "naam" akiwa na kalamu mkononi alikuwa anatorokea wapi? Dirishani?

Kituoni, kaunta walinijibu mpelelezi katoka, nisubiri. Nilikaa benchi dakika hamsini chini ya tangazo linalosema dhamana ni haki na haiuzwi. Niliweza kumwona kijana kwa pembeni, ameketi sakafuni nyuma ya kaunta, kifungo cha sweta hakipo. Hawakumweka selo na watu wazima, na kwa hilo nawasifu. Sheria inakataza kuwachanganya, ndiyo maana hapa Moshi tuna hata mahabusu ya watoto peke yao.

Kilichookoa siku ni Dawati la Jinsia na Watoto. Nilidhani dawati lile ni la wanawake waliopigwa na waume zao tu. Askari mmoja wa kike, amevaa gauni la kitenge (mshono wa bega umepinda, nilijizuia kusema), akanikuta benchi akaniuliza, "Mama, umeshahudumiwa?" Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na kijana, na karatasi iliyokuwa imeshaandikwa nusu ukurasa wa maelezo. Akasema tunaanza upya, mlezi akiwepo. Swali lake la kwanza halikuhusu wizi. Alimuuliza kama amekula.

Kisa chenyewe? Kijana alinunua simu ya mkononi iliyotumika, bila risiti. Simu ilikuwa ya wizi. Aliyeibiwa aliripoti polisi, ikaonekana laini iliyomo. Jumapili wakampigia, naye akataja jina lake na shule kwa heshima zote, akidhani ameshinda bahati nasibu.

Halafu yule askari akauliza laini ni ya nani. Ni yangu! Mtoto hana kitambulisho cha taifa cha NIDA, nimeisajili mimi kwa alama za vidole vyangu. Kwa hiyo jina lililokuja kwao tangu mwanzo ni langu, na Pasua ukiuliza fundi wa sare unaletwa mlangoni. Wangenifuata mimi, ningefunga cherehani, nikamchukua kijana na simu yenyewe, tukafika wote kituoni kabla ya saa sita. Askari akatazama karatasi, akatikisa kichwa, hakusema neno.

Saa kumi na mbili jioni tulitoka kwa dhamana yangu. Niliacha nakala ya kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa mtaa, na hakuna aliyeniomba hata ya soda. Simu imebaki kama kielelezo, aliyemuuzia anatafutwa.

Waliokwenda shuleni nawapa nyota moja, kwa sababu hawakumpiga. Kaunta mbili. Dawati nne, ya tano nimeizuia kwa kuwa chumba kina viti viwili tu na mtoto alisimama muda wote. Shule sifuri, ingawa mkuu alipotoka semina aliniita, akanionyesha daftari jipya limepigwa mistari kwa mkono: jina la mwanafunzi, namba ya askari, mzazi amepigiwa saa ngapi. Likijazwa nitarudi kubadilisha.

Ukipatwa na haya, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na uulizie dawati moja kwa moja. Mimi benchi nilikaa bure.

Jumatano aligoma kwenda shule. Alhamisi nilimshonea kifungo, nikamsindikiza mwenyewe. Tulipokaribia getini akaongeza mwendo, akaniacha hatua kama ishirini nyuma, eti hanijui.