Visilikoni vya kutenganisha vidole vya miguu: nyota 3, ila muuzaji nampa sifuri

Jamani wenye ile nundu pembeni ya kidole gumba cha mguu njooni hapa. Mimi yangu ni ya ukoo, bibi anayo mama anayo, halafu nikaongezea viatu vya mchongoko miaka yote ya kazi, basi kidole gumba kikawalalia wenzake mpaka cha pili kikajikunja kama kucha ya kuku.

Nikanunua visilikoni Kariakoo, elfu nane, muuzaji anaapa eti mfupa utanyooka ndani ya mwezi. Uongo mtupu!! Huu mwezi wa tatu tangu nianze kuvivaa, mfupa uko palepale. Ila sivitupi ng'o, maana vidole havisuguani tena, ile sugu ya katikati imelainika na jioni nakanyaga bila kuguna. Ukitoka jasho vinateleza, na ukivivalia kiatu chembamba ndo unajibana zaidi, vaa ndala au raba pana mbele.

Kile kifaa cha kufunga kidole usiku kikae kimenyooka, chenye velkro, nilikivaa siku mbili tu, usingizi hamna.

Daktari wa mifupa kaniambia cha kunyoosha ni upasuaji, wanaukata mfupa wanaupanga upya, halafu wiki kama 6 unatembelea kiatu maalumu, na hawakupasui kwa ajili ya urembo, mpaka maumivu yakushinde. Nikasema ngoja kwanza 😂

Wenye sukari muoneni daktari kabla hamjavivaa, mguu ukifa ganzi unachubuka na husikii kitu.