Udongo wa kaktasi na perlaiti kwa kaktasi ya Krismasi iliyolegea: uzoefu wangu

Niseme mapema, huu udongo wa mfuko wa kaktasi peke yake siupi zaidi ya nyota tatu, ila ukichanganya na perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kupitishia hewa kwenye udongo, ndo unapata kitu cha maana, na mmea ambao kazini walishaniambia niupeleke jalalani umetoa maua mwezi wa kumi na moja. Sio mengi, ila yametoka.

Mi nipo Minneapolis, Marekani, nafanya kazi nyumba ya wazee. Sikukuu ya Krismasi familia ya mkaaji mmoja walileta kaktasi ya Krismasi wakaiweka kwenye chumba chetu cha mapumziko, imefungwa ile karatasi nyekundu ya kung'aa na riboni juu, imejaa vitumba vya rangi ya waridi. Sasa pale kuna zamu tatu na kila zamu kuna mtu mwenye huruma, huyu anapita anamwagia kikombe, yule anamalizia maji ya chupa yake, wa usiku naye anaona mmea unasinzia anaongeza, na ile karatasi chini haina tundu. Kufika Januari vitumba vimedondoka vyote mezani na matawi yamelala pembeni ya chungu, ukizishika zile pingili ni laini, zina mikunjo. Nikaomba niondoke nayo, nikaambiwa chukua tu.

Nilipofika nyumbani nikafungua karatasi kwenye sinki. Aisee ile harufu. Maji yalikuwa yamesimama humo humo, meusi. Nikautoa mmea kwenye chungu, nusu ya udongo ukaporomoka wenyewe kwa sababu hakukuwa na mizizi ya kuushika. Mzizi mzima wa kaktasi hii ni mweupe au wa rangi ya maziwa hivi na ukiuvuta unakaza. Hii ya kwangu ilikuwa ya kahawia, na ukiubana na vidole viwili ukavuta taratibu ganda lake linachomoka lote linabaki uzi mwembamba katikati. Huo umekufa, kata. Nilikata na mkasi niliofuta na spiriti mpaka nikakutana na sehemu ngumu, kikabaki kishada kidogo tu.

Hapa ndo pana mtego wenyewe, maana mmea wenye kiu na mmea uliozama kwenye maji vinafanana kabisa kwa kuangalia, vyote vinalegea na vyote vinajikunja, kwa sababu mizizi ikishaoza haiwezi kunyonya hata kama maji yapo tele, kwa hiyo juu mmea unakauka huku chini unaogelea, na mtu akiona umelegea anazidi kumwaga. Ukitaka kujua upi ni upi inua chungu. Kikiwa chepesi na udongo umeachana na kingo, hiyo ni kiu, iloweshe itanyanyuka. Kikiwa kizito na mmea bado umelala, usiguse maji, toa uangalie mizizi.

Sasa tuje kwenye mfuko. Nilinunua ule wa kwota nane, ni kama lita tisa hivi, haukufika dola kumi. Umeandikwa ni wa kaktasi, michikichi na jamii ya mimea yenye majani manene yanayotunza maji. Nikafungua, kiukweli karibu wote ni piti, ule udongo mwepesi wa kahawia, na mchanga kidogo, na vidoa vyeupe vya perlaiti vya kuhesabu. Ukiukamata ukiwa na unyevu ukaufinya unabaki donge. Kwa mmea uliotoka kuoza mizizi hilo donge silitaki kabisa. Kasoro ya pili, ukikauka sana unagoma maji, unamwaga juu yanateleza pembeni yanatokea chini na katikati pamebaki vumbi, ikabidi niwe nakiweka chungu kwenye bakuli la maji kinyonye kwa chini kisha nakitoa. Na kasoro ya tatu, vile vijinzi vyeusi vidogo vinavyokupitia puani ukiwa unaangalia tivii, mfuko wangu ulikuja navyo, nikaweka kadi za gundi za njano vikapungua.

Kwa nini basi nisingetumia mchanga mtupu wa kaktasi za jangwani? Kwa sababu hii sio ya jangwani. Asili yake ni misitu ya milimani kusini mashariki mwa Brazil, upande wa Rio de Janeiro, inaota juu ya miti na kwenye nyufa za miamba, inashika majani yaliyooza kwenye panda za matawi. Mvua inainyeshea mara kwa mara ila maji hayakai. Kwa hiyo inapenda unyevu kuliko kaktasi za kawaida, lakini mizizi yake lazima ipate hewa, na ukilielewa hilo tu mengine yote yanakuja yenyewe.

Mchanganyiko wangu ukawa vikombe viwili vya huo udongo, kimoja cha perlaiti, na konzi la magome ya miti ya kupandia okidi niliyokuwa nayo. Perlaiti nayo ni mfuko wa kwota nane, inakaa muda mrefu, hiyo naipa nyota tano bila kusita. Angalizo, ina vumbi jeupe la kukohoza, uinyunyizie maji ndani ya mfuko kabla ya kuichota. Chungu chukua kidogo, cha udongo wa kufinyanga kama kipo, kiwe na tundu. Duka walitaka kuniuzia kikubwa eti mmea ukue kwa raha, hapana, mizizi michache kwenye chungu kikubwa ni kurudi kule kule, udongo unakaa umelowa hakuna wa kuyanywa hayo maji.

Nilinunua na kile kipimo cha unyevu cha kuchomeka, cha sindano mbili. Nyota moja. Kwenye udongo wenye mawe mawe ya perlaiti sindano haigusani na udongo vizuri, unapewa kavu kumbe kuna unyevu, ukisogeza nusu inchi unapewa kulowa. Kijiti cha kulia chakula cha Kichina kimenisaidia zaidi, unachomeka mpaka chini unatoa, kikiwa na udongo umegandia subiri.

Kitu kingine ambacho sikukinunua na sijaona hasara ni unga wa kuotesha mizizi. Hii kaktasi inaota kirahisi sana. Shika pingili kwenye kiungo, zungusha kidogo itaachia yenyewe, chukua vipande vya pingili mbili au tatu, acha mezani siku moja mbili kidonda kikauke, chomeka pingili ya chini kidogo tu kwenye mchanganyiko wenye unyevu wa mbali. Nilifanya hivyo kama bima, maana mmea mama sikuwa na uhakika nao, na baada ya wiki kadhaa ukivivuta vinakushikilia. Vingine nikampa dada mmoja Mkenya wa zamu ya usiku, yule yule aliyekuwa anaongeza maji, na nikamwambia kabisa dada yangu hii inywe mara moja moja.

Mbolea sikuweka mpaka nilipoona vipingili vipya vyekundu vyekundu kwenye ncha, hapo ilikuwa majira ya joto yameanza, nikaweka ya maji nusu ya kipimo kilichoandikwa. Dirisha la mashariki lilitosha. Jua kali la mchana linaigeuza rangi ya zambarau na kuibabua. Kiangazi ilikaa barazani kivulini, nikaiingiza ndani kabla baridi ya Septemba haijashika.

Kuhusu maua, inahitaji usiku mrefu, giza la saa 12 mpaka 14 mfululizo kwa wiki sita hivi, pamoja na ubaridi kiasi. Huku kaskazini kuanzia mwishoni mwa Septemba usiku unarefuka wenyewe, shida ni taa za ndani, kwa hiyo niliiweka chumba ambacho hatuwashi taa usiku na hita nimeifunga nusu. Ya mama mdogo pale Arusha, ambako mchana na usiku zinakaribia kulingana mwaka mzima, huwa inachanua kipindi cha kipupwe, maana ubaridi wa usiku nao unaiamsha. Wa pwani mnaolala na feni hapo mna kazi. Halafu ile lebo ya Krismasi isikuchanganye, angalia kingo za pingili. Zikiwa na meno yaliyochongoka kama makucha ya kaa, hiyo inawahi, huchanua karibu na Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, na ndo hiyo nyingi inayouzwa madukani. Ya Krismasi yenyewe kingo zake zimeviringika.

Wenye paka wasiwe na hofu, haina sumu, wangu alitafuna kipande akakitema.

Je ningenunua tena? Perlaiti ndiyo. Udongo ndiyo kama hakuna mwingine, ila dukani ubonyeze mfuko kwanza, ukiwa mzito na maji yamegandia kwenye plastiki kwa ndani uache, hiyo ndo mifuko yenye vijinzi. Kama una okidi nyumbani na umebakiwa na magome yake, hata usihangaike na mfuko wa kaktasi, chukua udongo wa kawaida wa vyungu uchanganye nusu kwa nusu na magome na perlaiti, utaokoa hizo dola. Kipimo cha sindano msinunue.