Bedford ya karatasi: boneti safi, magurudumu yana kazi

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Niko Manyatta, Kisumu, na leo mezani kuna lori. Ni Bedford TJ, ile ya pua ndefu iliyoanza kutoka kiwandani Uingereza mwaka wa 1958. Wazazi wetu wanaijua, iliwabebea mahindi, mbao na miwa miaka mingi. Hii yangu ni karatasi tupu kuanzia bampa hadi nyuma.

Mchoro niliununua mtandaoni. Ni faili ya kurasa 7, unaipeleka saiba unachapiwa. Mimi nililipa shilingi 30 kwa ukurasa, jumla 210. Kipimo ni 1:32, kwa hiyo lori la mita 6.4 linakuwa sentimita 20. Omba karatasi ya gramu 160. Ile ya kawaida ya gramu 80 inalegea, na ya gramu 250 inapasuka ukiikunja.

Sasa boneti. Jamani, hapa mchoraji amefanya kazi! Boneti ya Bedford imeviringa mbele na pia pembeni, na karatasi haikubali kupinda pande mbili kwa pamoja. Yeye ameigawa vipande vitano vyembamba vyenye vimeno vya gundi, na viungo vyake ameviweka palepale penye mishono ya bati. Nasogeza kamera. Mnakiona kiungo? Ni mimi niliyekigundisha, na bado nakitafuta.

Ili kitoke hivi, kabla ya kukunja pitisha biki iliyoisha wino juu ya mstari, ukifuata rula ya chuma. Halafu paka penseli ya rangi kwenye ukingo wa kila kipande ulichokata, la sivyo ule weupe wa karatasi utaonekana kila mahali. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, tone dogo kwenye kijiti cha meno. Mlango wangu wa kwanza niliupaka nyingi, rangi ikachujuka, ikabidi nirudi saiba.

Magurudumu sikuyapenda. Mchoro unataka ukate miduara na kuibandika mmoja juu ya mwingine, mitano kwa kila tairi. Nyuma tairi ni pea, kwa hiyo ziko sita, na hiyo ni miduara 30 kwa wembe! Nilikata minne, nikaacha. Nilichukua katoni ya biskuti, nikakata ukanda wa upana wa milimita 7 na urefu wa sentimita 24, mifereji ya ndani ya katoni ikipita kwa upana wa ukanda, si kwa urefu, ili ujikunje bila kuvunjika. Uviringishe ukazwe, ufunge karatasi nyeusi nje, ubandike uso wa ringi uliochapishwa. Unapata tairi ya sentimita 3, imara, na inazunguka. Hii hapa, naisukuma.

Kosa moja mimi sikuliona kabisa. Mzee jirani yangu, dereva mstaafu, alipita mlangoni jioni, nikamwonyesha kabini kabla sijafunga paa. Akaishika kwa vidole viwili, akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, huyu dereva anakaa wapi?" Usukani ulikuwa kushoto! Lori la Uingereza, na barabara zetu ni hizi hizi za kuendesha kushoto, usukani lazima uwe kulia. Nilimwambia, "Asante mzee, nalibadilisha leo leo." Dawa yake ni rahisi: ukurasa wa 3 wenye dashibodi, mwambie mtu wa saiba auchapishe umegeuzwa kama kwenye kioo. Hauna maandishi, hakuna kitakachosomeka kinyume.

Bei ya mchoro inastahili kwa ajili ya ile boneti peke yake. Bodi ya nyuma iliyochorwa ni ya bati tupu, nami nataka ya mbao yenye nguzo ndefu za kuzuia miwa, kama zile za njia ya Muhoroni. Nguzo nimeshazikata, ni vijiti vya mishikaki, ziko 12. Mzee ameahidi kuja Jumamosi kunionyesha minyororo ilikuwa inafungwa wapi.