Jumamosi 12 na kina mama wa biashara, ada 380,000: inafaa au haifai?

Nimemaliza wiki iliyopita ile programu ya wanawake viongozi kulea vijana walio makazini, ipo hapa Dar, miezi mitatu, kila Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Jina la waandaaji siliweki maana nina malalamiko nayo na sitaki kumharibia mtu, ila wengi mmeniuliza inbox kama inafaa basi nawajibu wote hapa. Nyota 4 kati ya 5, na karibu zote ni za mama mmoja.

Kwanza niyamalize yaliyonikera. Jumamosi mbili za mwanzo zilipotea. Tuliahidiwa viongozi watatu wa kufungua, akaja mmoja tena saa 5, akasema jiamini binti, thubutu, tukapiga picha akaondoka. Yaani nimetoka Mbagala alfajiri na nauli yangu kuja kusikia maneno ambayo yapo kwenye status za watu kila siku. Ukumbi feni moja watu 26. Na kuna dada alikuja na mtoto mchanga, hamna hata kachumba ka kunyonyeshea, akawa anatoka kwenye korido kila saa, na hii ni programu ya wanawake jamani, hilo liliniuma kuliko yote.

Jumamosi ya tatu ndo mambo yakageuka. Wakaanza kuleta mifano ya watu tunaowasikia, ila kwa hesabu sio kwa sifa. Siku ya Ruth Zaipuna nilijua tutaambiwa tu ni mwanamke anaongoza benki ya NMB tangu 2020 tupige makofi, kumbe mwalimu akauliza kabla ya hapo alikuwa nani palepale? Ofisa mkuu wa fedha. Mtu wa vitabu vya hesabu kama mimi, na mimi miaka yote nilikuwa naona uhasibu ni kazi ya kukaa nyuma. Halafu tukaichambua hatifungani ya NMB ya 2022 inayoitwa Jasiri, yaani benki inakopa kwa wawekezaji na kuwalipa riba, benki ilitaka bilioni 25 ikapata zaidi ya bilioni 74, pesa ya kukopesha biashara za wanawake, tukabishana saa nzima mwekezaji anaweka hela yake pale kwa huruma au kwa sababu anajua itarudi na riba. Sijawahi kubishana vile tangu nimalize chuo.

Wiki nyingine ikawa Susan Mashibe, rubani na fundi wa ndege, aliyeanzisha kampuni ya kuhudumia ndege binafsi 2003. Mwalimu akatuambia angalieni alichouza, sio kurusha ndege, ndege ikitua kuna vibali, kuna mafuta, kuna mtu anataka kupokelewa, yeye akauza kuondoa ule usumbufu. Kaka mmoja (wanaume walikuwa watano, na ni vizuri walikuwepo) anafanya kazi za forodha bandarini, alikaa kimya siku nzima anaandika tu.

Sasa mama mwenyewe. Kila kikundi kinapewa mlezi, sisi tukapewa mama mwenye fremu mbili za vifaa vya umeme Kariakoo. Siku ya kwanza tumemwamkia shikamoo mama, marahaba wanangu, hakuanza na historia yake, alifungua begi akatoa daftari lake la mwaka aliotaka kufilisika, alitoa mali kauli kwa wateja wengi mno, hawakulipa, akaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, kufidia. Kurasa zote tukazisoma, madeni, majina ameyafuta kwa kalamu nyeusi. Mtu wa hadhi yake kukuwekea aibu yake mezani ili wewe usipite njia hiyo, mimi nilishindwa kuongea.

Akasema haya na nyie leteni ya kwenu. Mimi nauza mikoba mtandaoni nje ya kazi, nanunua 18,000 nauza 25,000, kwa mwezi mikoba 40, nilikuwa najihesabia faida 280,000. Akaniambia mwanangu andika kila shilingi iliyotoka. Bodaboda ninazowalipia wateja 90,000, mifuko 20,000, bando 30,000, matangazo ya kulipia 60,000, mikoba mitatu iliyorudi na zipu mbovu 54,000. Ikabaki 26,000. Ofisini nafunga hesabu za kampuni kila mwisho wa mwezi, za kwangu sikuwahi kuzikalia. Hakunicheka wala hakunipa pole, alisema tu sasa umejua, tuanze na boda.

Kwa hiyo ukitaka kuingia, ingia, ada inalipwa kwa awamu mbili, ila ukijaza fomu andika wazi unataka mlezi anayefanya biashara mpaka leo, mwenye wateja na mashine ya EFD ya kutolea risiti, maana kikundi cha jirani walipewa mtu wa kuongea tu na wao wanalalamika. Jumamosi mbili za kwanza ukipata dharura usiumie. Beba na maji.

Darasa limeisha lakini mama hajatuacha, kila Ijumaa jioni namtumia picha ya ukurasa wa wiki kwa WhatsApp. Juzi amejibu maneno mawili tu, boda bado.