Uzoefu wangu na wahudumu wa kanisa waliomuuguza baba nyumbani, Kisumu

Kuanzia Novemba 2023 hadi Juni 2024, baba yangu alihudumiwa nyumbani kwetu Nyamasaria na kikundi kidogo cha wafanyakazi wa kituo cha Kanisa Katoliki kinachowafuata majumbani wagonjwa wenye maradhi yasiyopona. Sitakitaja kituo hicho kwa jina, kwa kuwa nina jambo la kukilaumu na sipendi lawama hiyo iwaangukie wasiohusika. Naandika kuhusu watu wake, kwa sababu familia nyingi za huku kwetu huiogopa huduma ya namna hii, au huifikia mgonjwa akiwa amebakiza siku chache tu.

Baba alikuwa na saratani ya umio. Tulipoujua ugonjwa huo alikuwa hamezi chochote ila vitu vya majimaji, tukampeleka hospitali ya Tenwek, kule Bomet, akawekewa kijibomba cha waya cha kuifungua njia ya chakula. Kijibomba hicho kilimrudishia uji na vyakula laini, lakini saratani ilikuwa imekwisha kuenea, na daktari alitueleza bila kuficha kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Jirani yetu, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa, ndiye aliyetuelekeza kituoni. Nilikwenda na barua ya hospitali, nikalipa shilingi 500 za kufungua faili, na siku ya tatu gari lao likafika.

Baba hakuwataka. Alizaliwa karibu na Gendia, ambako Waadventista Wasabato walifika mwaka 1906, na hakuwa amewahi kusali katika kanisa lingine maishani mwake. Alipomwona sista mlangoni katika vazi lake la kitawa, alinigeukia akaniuliza kwa Kijaluo kama nimemwita mtu wa kuja kumpaka mafuta ya kufa. Sista alikuwa Mluo na alisikia kila neno. Alivuta kigoda akaketi, akamwamkia kwa kumwita Jaduong', yaani mzee wa heshima, kisha akamwambia kwamba yeye ni muuguzi, kwamba amekuja kwa ajili ya maumivu na usingizi wake, na kwamba habari za mafuta zitazungumzwa siku baba mwenyewe atakapoziuliza. Baba hakuziuliza hata mara moja, nao hawakuzigusa kwa miezi yote hiyo. Zaidi ya hayo, walipojua kwamba anaishika Sabato, ziara ya kila wiki iliyokuwa imepangwa Ijumaa jioni waliihamishia asubuhi, ili nyumba iwe imetulia kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyewaomba wafanye hivyo.

Kazi ya sista ilikuwa ya kitaalamu kweli, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana wengi hudhani kwamba watu wa kanisa huja kuomba na kuondoka. Yeye ndiye aliyetufundisha kutumia mofini ya maji, dawa ambayo dada yangu aliiogopa akiamini kwamba itamfanya baba awe mlevi wa dawa au imuue mapema. Sista alimweleza kwa subira, zaidi ya mara mbili, kwamba mgonjwa mwenye maumivu makali hupewa kipimo kidogo kila baada ya saa nne, kikaongezwa polepole kwa maagizo ya daktari kadiri maumivu yanavyodai, na kwamba hatungojei maumivu yarudi ndipo tukimbilie chupa. Kipimo cha usiku kiliongezwa maradufu ili baba asiamshwe katikati ya usingizi. Alituonya mapema kwamba dawa hiyo hufunga choo, akaleta dawa ya kulainisha siku ile ile badala ya kusubiri tulalamike. Kuhusu chakula alisema baba ale akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, samaki apondwe na kuchambuliwa miiba yote, na ugali uachwe. Kuuacha ugali kulimhuzunisha baba kuliko jambo lingine lolote, na sista hakumkemea kwa huzuni hiyo.

Mtu wa pili ninayemshukuru ni dereva. Katika karatasi za kituo yeye ni dereva tu, lakini ndiye aliyembeba baba mikononi kutoka kitandani hadi kwenye gari kila alipohitajika kituoni, na ndiye aliyegundua, alipokuwa akimlaza, wekundu mgongoni ambao sisi watoto wake hatukuwa tumeuona. Alimwita sista papo hapo. Ulikuwa mwanzo wa kidonda cha kulalia, na kwa kuwa uligunduliwa mapema, tulifundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, tukaazimwa godoro la hewa, na ngozi haikupasuka.

Katikati ya Machi 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mgomo huo ukaendelea hadi Mei 8, siku 56 kwa jumla. Hospitali yetu kubwa ya rufaa, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, haikuwa na daktari wa kumwona baba. Kwa wiki hizo tulimtegemea daktari wa kituo, aliyekuwa akifika Jumanne na Alhamisi, na sista akiwasiliana naye kwa simu siku nyingine. Mvua za Aprili zilipofurika, gari lilishindwa kupita kwenye njia ya kuja kwetu. Nilimpigia karani wa mapokezi nikiwa na hakika kwamba tutaachwa, kwa maana chupa ilikuwa imebaki na dawa ya siku mbili. Karani alinirudia baada ya dakika ishirini, akaniambia dereva atasimama kwenye barabara ya lami nimfuate hapo. Nilipofika nilimkuta na sista pia, ameshika viatu mkononi, tayari kutembea nami majini hadi nyumbani, kwa sababu hakutaka kubadilisha kipimo bila kumwona mgonjwa.

Sasa lawama yangu. Mnamo Februari alikuja kijana wa ofisi akiwa na fomu ndefu, akauliza maswali ambayo yalikuwa yamekwisha kujibiwa katika faili, kisha akampiga picha baba akiwa amelala bila shati, bila idhini ya yeyote, akisema ni za ripoti ya wafadhili. Baba aliona aibu kubwa. Kwangu mimi kosa hilo si dogo: mtu aliyedhoofika anabaki kuwa mwenye mwili wake. Nilimweleza msimamizi wa kituo kwa maandishi. Alikuja mwenyewe pamoja na kijana yule, wakaomba radhi kwa baba, si kwangu, na picha zikafutwa mbele yetu. Lingine ni kwamba usiku kuna muuguzi mmoja tu wa kupokea simu, na mara mbili nilisubiri zaidi ya saa moja kabla ya kujibiwa. Na mwezi Mei mfanyakazi wa jamii aliyekuwa amezoeana sana na mama yangu aliondoka kwa kuwa mkataba wake ulikuwa umeisha. Mama hakuagwa.

Baba alifariki mwezi Juni, alfajiri, bila maumivu. Sista na dereva walifika siku hiyo hiyo, wakamsaidia mama kumwosha, wakaondoka kabla ya mchungaji wetu kuwasili ili wasichanganye taratibu za makanisa mawili. Walirudi baada ya maziko kuchukua mofini iliyosalia, wakaipima na kuiandika mbele yetu, kisha wakakaa na mama karibu saa nzima.

Ukihitaji huduma kama hii Kisumu, anza kwa kuuliza katika parokia iliyo karibu nawe, hata kama si kanisa lako. Beba barua ya hospitali na orodha ya dawa, uliza ni nani hupokea simu usiku, na waambie tangu siku ya kwanza kama hutaki picha.